Meza ya Nyuma ya Pazia

"Chagua wewe leo," Barafu alisema, akimsogezea orodha ya vyakula ambayo hakuna kati yao aliyekuwa na haja ya kuisoma.

"Si kama kawaida tu?"

"Kawaida! Mtu akikusikia atasema tuna kawaida sisi."

Bi Mapazia alicheka, kisha akakumbuka alipo, akakiziba kicheko kwa kiganja. Alitupa jicho kwenye pazia. Lilikuwa limefungwa vizuri, pande zote mbili zimekutana bila kuacha mwanya. Alilijua pazia lile kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipima, akalikata na kulishona: kitambaa kizito cha zambarau, bitana ndani, na pindo refu lililogusa sakafu hata viatu vya waliokaa ndani visionekane. Mwenye mgahawa alikuwa ametaka pindo fupi, rahisi kufagia chini yake. Bi Mapazia ndiye aliyeng'ang'ania refu. Wakati ule hakujiuliza kwa nini.

Ulikuwa mgahawa wa Kihindi wa pale mtaani, kwenye kona, kati ya duka la dawa na kinyozi. Meza chache zenye vitambaa vya plastiki, feni iliyozunguka kwa kujivuta, na harufu ya vitunguu, iliki na mkate wa tanurini iliyokuwa ikiwafuata wateja kwenye nguo hadi vyumbani mwao. Kibao cha nje kilikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyelitumia. Watu walisema tu "kwa Mama Bizari", na mwenyewe, mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja na sauti ya kuita kutoka jikoni mpaka barabarani, alikwisha kulikubali.

Zamani, Barafu na Bi Mapazia walipokuwa mume na mke, hapa ndipo walipomleta mtoto wao wa pekee kila alipofaulu mtihani. Mtoto yule alikuwa akifungua redio na saa za watu, basi wakamwita Injinia, na jina likamkaa mpaka akawa injinia kweli wa mabomba ya maji.

Kisha yakaja yale mambo.

Barafu, fundi wa majokofu aliyejulikana mtaa mzima kwa upole wake, alimwacha mkewe kwa ajili ya mwanamke mwenye saluni. Wala hakujificha. Alitoka na sanduku mchana kweupe, majirani wakiwa mabarazani. Mwaka haukuisha vizuri, saluni ikamtapika, akarudi kubisha hodi. Bi Mapazia hakufungua. Talaka ilipotoka, ndugu walikaa kikao nyumbani kwa dada yake mkubwa, na yeye akasimama katikati yao akasema, "Meza moja na yule mtu sikai tena mpaka nife." Injinia, ambaye bado alikuwa mwanafunzi, akasimama kando yake. "Mama, kama wewe hukai naye, na mimi sikai naye." Siku ile Bi Mapazia alilia kwa fahari ya kuzaa.

Siku hizi akiikumbuka, uso ulikuwa ukimpata moto hadi masikioni.

Kwa sababu jokofu la Mama Bizari liliharibika siku ile ile aliyokuja kupima mapazia. Aliingia na futi kamba shingoni, akamkuta fundi amelala chali sakafuni, kichwa kimezama nyuma ya jokofu, inayoonekana ni miguu tu. Miguu ile aliijua. Alisimama akiitazama kama mjinga, mpaka sauti ikatoka nyuma ya jokofu: "Nipe bisibisi hiyo, tafadhali." Akampa. Barafu alipotoka na kuona ni nani aliyempa, alibaki ameketi pale sakafuni na vumbi kwenye nyusi, asijue afanye nini na mikono yake. Mama Bizari, ambaye kwake mtu kusimama bila kula ni ugonjwa, akawawekea chai.

Ilianza na chai. Sasa zilikuwa Jumatano zote, alasiri, saa ambayo wateja wa mchana wamekwisha kuondoka, Injinia yuko kazini, na Dada Mkubwa, ambaye Bi Mapazia aliishi kwake, amelala.

Mama Bizari aliingiza mkono kupitia pazia, kisha kichwa, akapanga sahani: dengu, wali wa zafarani, kuku wa mchuzi wa siagi, mikate miwili ya naan ya moto, na pilipili mbichi kwa Barafu. Akatoka bila neno. Barafu akaanza kazi yake ya siku zote. Alimchambua kuku mifupa taratibu, akiweka nyama kwenye sahani ya mwenzake na mifupa kwenye sahani yake, huku akizungumzia jokofu la muuza nyama mmoja ambaye hataki kuambiwa kuwa mashine nayo hufa.

Kisha akaacha kuchambua.

"Mshono," akasema. Jina hilo hakuna mwingine aliyemwita. "Harusi ni mwezi ujao."

"Najua. Mapambo ya ukumbi nashona mimi."

"Nataka kuwepo."

Bi Mapazia alimega naan. Akaichovya kwenye dengu muda mrefu kuliko dengu ilivyohitaji.

"Sisemi nikae mbele," Barafu akaendelea. "Nikae hata kule nyuma karibu na wapiga picha. Nimwone tu anavyoingia na mke wake. Ukimwambia wewe, atasikia."

"Baada ya harusi nitamwambia."

"Ulisema baada ya mvua. Mvua ikapita. Ukasema baada ya posa. Posa ikapita. Sasa baada ya harusi. Ikifika utasema baada ya mjukuu."

"Unaona ni rahisi? Wewe ulitoka na sanduku, ukaonekana, basi, watu walisema wakachoka. Mimi nitaanzia wapi? Nimwambie dada yangu kwamba yule niliyemlilia begani kwake ndiye ninayekula naye mkate? Nimwambie mwanangu? Nitaonekana mwanamke wa namna gani?"

"Mwanamke aliyesamehe."

"Nani kakuambia nimekusamehe?"

Barafu aliinua uso. Alimtazama tu, macho yale yenye mikunjo ya kucheka pembeni, macho yaliyomkosea na ambayo hata hivyo aliyaota. Chini ya meza goti lake lilikuwa limeegemea goti la Barafu tangu chai ya kwanza, na halikuondoka. Mdomo ulikuwa unasema lake, goti linasema lake.

"Ni aibu," akasema polepole. "Ndiyo basi. Naona aibu."

"Unanionea mimi aibu?"

"Sijui."

Alikuwa anajua. Alifungua mdomo aongeze neno la kulainisha, na ndipo sauti ikaingia kutoka mlango wa mbele, sauti changamfu ambayo angeitambua hata usingizini.

"Mama Bizari! Leo nimekuletea mkwe wako!"

Bi Mapazia aliuacha mkate ndani ya dengu.

"Injinia!" Mama Bizari alijibu kwa sauti kubwa mno, sauti ya kusikika mpaka nyuma ya pazia. "Injinia, leo wewe si kazini?"

"Nimechukua likizo, harusi hiyo haijipangi. Nataka chakula cha ukumbini upike wewe. Huyu mchumba wangu hajawahi kula kwako, nimemwambia aje aonje kwanza."

"Karibu, mwanangu, karibuni sana. Kaeni hapa mbele, hapa kuna upepo."

"Hapana, namtaka akae kwenye ile meza yetu ya pembeni. Siku hizi umeiwekea pazia? Umekuwa wa kisasa!"

"Ile ina wageni."

"Tutawasubiri wamalize. Ngoja nimwonyeshe tu."

Bi Mapazia alimshika Barafu mkono wa shati. "Nenda," akanong'ona. "Pita jikoni. Tafadhali."

"Nipite jikoni?"

"Tafadhali, nakuomba."

Barafu aliutazama mlango mdogo wa jikoni, kisha akamtazama yeye. Akainuka. Lakini aliinuka kama mtu mzima anavyoinuka, taratibu, mkono mmoja mezani, na kabla hajasimama sawasawa, pete za pazia zikalia juu ya fimbo na mwanga wa barabarani ukaingia wote kwa mpigo mmoja.

"Samahani, tunatazama tu..." Injinia alikuwa anatabasamu. Tabasamu likabaki usoni kwake muda kidogo baada ya maana yake kuondoka. "Mama?"

Nyuma yake alisimama mchumba wake, muuguzi mwembamba mwenye macho matulivu. Meza mbili za mbele zilikuwa na watu. Wakageuka.

"Mama, huyu anafanya nini hapa?"

Ulimi hauna mfupa. Bi Mapazia aliusikia wake ukisema kabla hajaupa ruhusa.

"Amenifuata."

Feni ilizunguka. Barafu aligeuza kichwa akamtazama. Haikuwa kwa hasira, maana hasira angeiweza. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Bi Mapazia aliyaona macho yale, akayashusha ya kwake kwenye sahani.

"Amekufuata?" Injinia alisogea. "Wewe mzee, huna haya? Ulimwacha huyu mama kama nguo kuukuu, watu wote wanaona. Leo unamfuata mpaka anapokula? Unataka nini? Amebakiza kitu gani hujamchukulia?"

"Mwanangu," Barafu alianza.

"Usiniite mwanao! Kuna siku umeniona nakuita baba?"

Mtu mmoja kwenye meza ya mbele aliguna. Muuguzi akamgusa mchumba wake mkono. "Taratibu, watu wanasikia."

"Wasikie. Yeye alipotoka na sanduku hawakuona?"

Barafu alimalizia kusimama. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Mapazia angelikumbuka kila akifumba macho.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwona akiingia, nikamfuata. Samahani, mama." Alimwita mama, kama unavyomwita mtu usiyemjua uliyemkanyaga kwenye foleni. "Haitatokea tena."

Akapita katikati ya mwanawe na meza, akapita mbele ya wateja, akatoka. Hakunawa. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa bado vya njano ya mchuzi, akivishikilia mbali na suruali, na hivyo ndivyo mtaa ulivyomwona akikata kona.

*

Injinia alivuta kiti, kile kile cha Barafu, akaketi. Alimshika mama yake mabega.

"Pole, Mama. Amekugusa? Amekwambia nini?"

"Hakuna. Hajasema kitu."

Injinia akaachia mabega yake. Akageuka. "Na wewe Mama Bizari, tangu nikiwa mdogo nakuheshimu kama mama mzazi. Inakuwaje unamwona mtu kama yule anamsumbua mama yangu ndani ya nyumba yako, tena nyuma ya pazia, na wewe unanyamaza?"

Mama Bizari alikuwa amesimama na birika la chai. Alimtazama Bi Mapazia, naye akangoja. Alipoona hakuna kinachokuja, akapandisha mabega.

"Mimi nauza chakula, mwanangu. Maneno siuzi."

"Basi na chakula chako baki nacho. Harusi yangu hutapika."

Mama Bizari aliliweka birika chini. Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na Bi Mapazia akaona kwamba huyu ni mtu wa pili sasa anayebeba mzigo usio wake. Alitaka kusema. Aliusikia moyo wake ukisema "sema", na kwa haya tu akachukua kipande cha nyama akakitia mdomoni. Alikula! Mbele ya watu waliokuwa wakimwonea huruma, alikula.

Alipoinua macho alimkuta mkwe wake mtarajiwa akiitazama meza. Muuguzi yule alizoea kutazama vitu ambavyo wagonjwa hawasemi. Macho yake yalipita kwenye sahani mbili, kwenye naan moja iliyomegwa pande zote mbili, kwenye nyama safi iliyochambuliwa upande huu na mifupa yote iliyolundikana upande ule. Yakasimama kwenye mifupa. Kisha akamtazama Bi Mapazia mara moja tu, na haraka akayageuza macho dirishani, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkubwa wake.

Aibu ya kuonekana na mwanawe ilikuwa kubwa. Hii ya kusitiriwa na binti wa watu ilikuwa kubwa zaidi.

Injinia tayari alikuwa na simu sikioni. "Mama Mkubwa? Shikamoo. Samahani kukuamsha. Yule mzee amemvamia Mama kwa Mama Bizari. Ndiyo, leo, sasa hivi. Hapana, hajaumia. Lakini hili haliishii hapa. Naelekea kituoni kumshtaki, akawaeleze polisi kwa nini anafuatafuata wanawake wa watu..."

"Kata simu," Bi Mapazia alisema.

"Subiri, Mama."

"Nimesema kata simu!"

Hata kinyozi wa jirani alichungulia. Injinia akaishusha simu, sauti ya Dada Mkubwa ikiendelea kulia ndani yake kama nyuki kwenye chupa, mpaka akaizima.

Bi Mapazia aliweka mikono miwili juu ya meza.

"Hakunifuata."

"Umesema..."

"Nimesema uongo. Mimi ndiye niliyempigia asubuhi nikamwambia aje mapema, leo kuna kuku wa siagi. Na Jumatano iliyopita nilimpigia mimi. Tunakula hapa kila Jumatano."

Injinia alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Amekutisha. Mama, kama amekutisha niambie."

"Mwanangu, nani wa kunitisha mimi? Ni mume wangu..." Alijisikia akisema, akasita, lakini neno lilikwisha kutoka. "Alikuwa mume wangu. Nilimchukia, nikachoka. Siku moja nikamkuta hapa, nikampa bisibisi. Ndivyo ilivyoanza. Mama Bizari hana kosa, nilimwomba anisitiri. Yeye aliyetoka pale hana kosa, leo hana. Mwenye kosa ni mimi, na nimeona aibu kusema, nikamsukumia yeye."

Kwenye meza ya mbele, mtu aliyekuwa akimimina soda aliacha.

Injinia hakupaza sauti tena. Bora angepaza.

"Nilipomaliza chuo alikuja," akasema. "Alisimama nje ya geti na zawadi mkononi. Nilipita mbele yake kama napita nguzo. Nilipolazwa alileta matunda, nikamwambia nesi ayarudishe. Kadi ya harusi nimeandika jina la mjomba mahali pa baba. Mama, ulikuwepo. Ulinishikia karatasi nikiandika."

"Nilikuwepo."

"Na keshoye ilikuwa Jumatano?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, wahenga walisema, lakini hawakusema achutame wapi kama aliyemvua ni yeye mwenyewe.

Injinia alisimama. Akamwangalia Mama Bizari, akamwinamishia kichwa. Kisha akatoka. Mchumba wake alichukua mkoba, akainama karibu na sikio la Bi Mapazia.

"Mama," akasema taratibu, "tutakuwa kwa Mama Mkubwa. Njoo. Usikae hapa peke yako na watu wanakutazama."

*

Karakana ya Barafu ilikuwa uani, nyuma ya duka la rangi. Majokofu yalisimama milango wazi, mengine hayana milango kabisa. Alikuwa ameinama kwenye bomba akijisugua mkono kwa sabuni ya unga. Alimsikia Bi Mapazia akija, maana nyayo zake alizijua, lakini hakugeuka.

"Bizari haitoki," akasema. "Inataka siku mbili tatu."

"Nimemwambia."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Nimemwambia kila kitu, mbele ya wote."

"Vizuri."

"Geuka basi unitazame."

Barafu alifunga bomba. Akageuka, akijifuta kwa kitambaa cha kazi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kuliko umri wake.

"Unajua nilipokuwa natoka pale nilifikiri nini? Nilijiambia, haya, amenilipa. Nilimwaibisha mbele ya watu, naye ameniaibisha mbele ya watu, tumemalizana. Nikajisikia nafuu kabisa. Nimefika pale kwa muuza magazeti ndipo nikagundua kwamba hukuwa unalipa."

"Sikuwa nalipa. Niliogopa."

"Hilo ndilo linaloniuma. Kisasi ningekielewa. Kisasi ni haki yako. Lakini wewe ulinificha kama mtu anavyoficha sufuria iliyoungua wageni wakiingia."

Bi Mapazia alishika mlango wa jokofu moja ili asimame vizuri. Alikuwa amekuja na maneno yote aliyoyapanga njiani, na yote yalikuwa yameyeyuka.

"Nisamehe," akasema. "Sina jingine. Miaka yote nimekuwa ndiye niliyekosewa, nikalizoea lile joho, linanikaa vizuri, kila mtu ananipa kiti. Leo nimelivua, nimebaki sijui nivae nini. Naona aibu mbele yako, naona aibu kwa mwanangu, naona aibu kwa yule mama wa watu na birika lake. Hata hapa nilipo, kama kuna shimo ningeingia."

"Mashimo hapa hayapo. Kuna majokofu."

Hakutabasamu aliposema, lakini alisema. Bi Mapazia alicheka na machozi yakamtoka palepale, na Barafu akapiga hatua moja, kisha akasimama. Hakumshika.

"Mshono, mimi nyuma ya pazia sirudi. Nakwambia ukweli. Nakupenda kuliko nilivyokupenda nikiwa kijana na akili zangu mbovu. Lakini kama ni kupita jikoni, bora nikae na mashine zangu."

"Sijaja kukuita nyuma ya pazia. Wapo kwa dada. Wote. Twende."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijaogopa tena."

"Dada yako ataniua."

"Ataanza na mimi."

Walitoka wakipitia mbele, barabara ya maduka, saa ambayo watu wanarudi kutoka makazini. Bi Mapazia ndiye aliyemshika mkono. Kiganja cha Barafu kilikuwa bado kibichi. Muuza rangi aliwaona, akasahau mteja wake. Kinyozi aliwaona. Wanawake wawili waliokuwa wateja wake wa mapazia waliwaona, wakasalimia kwa sauti ya juu na kunyamaza kwa pamoja mgongoni mwao. Kila jicho lilikuwa kama kaa la moto. Alitamani kuuachia mkono ule walau kwenye kona, walau ajifanye anarekebisha kiatu.

"Umepunguza mwendo," Barafu akasema.

"Najua. Usiniachie."

Dada Mkubwa alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, nguo ya usingizi ndani na koti la kuokota juu yake. Alikuwa mwanamke mnene wa heshima zake, aliyempokea mdogo wake na virago vyake na kumlisha bila kumsimanga hata siku moja.

"Sitaki maelezo," akasema. "Injinia amenieleza. Nataka kujua kitu kimoja. Wakati ule nikigombana na mtaa mzima kwa ajili yako, nikimtukana huyu bwana sokoni mpaka sauti inanikauka, wewe ulikuwa unarudi Jumatano umeshiba, unaniambia huna hamu ya chakula?"

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nakupikia uji nikidhani ni huzuni!"

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

Ndani, Injinia alikuwa amekaa kwenye kochi, viwiko magotini, macho sakafuni. Mchumba wake alikuwa kando yake. Barafu alisimama kizingitini, hakuvuka. Bi Mapazia aliingia, akapiga magoti mbele ya mwanawe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Inuka, Mama. Usinifanyie hivyo."

"Nikuombe kitu kimoja kwanza. Sikuombi umpende. Hasira zako mwenyewe juu ya baba yako, kama unazo, kaa nazo, ni zako. Lakini zile ulizozibeba kwa niaba yangu, zitue. Zilikuwa zangu, nami nilikwisha kuzimaliza bila kukuambia. Nimekubebesha mzigo mtupu, mwanangu. Ndiyo aibu yangu, wala si nyingine."

Injinia alimwinua, akamkalisha. Hatimaye aliongea akiitazama sakafu, lakini maneno yalikuwa ya yule aliyesimama mlangoni.

"Yale niliyosema pale, mbele za watu..."

"Hayo nilikwisha kujiambia mwenyewe," Barafu akasema. "Tena wewe umenipunguzia."

"Mbona ulikubali? Ungesema ukweli."

"Ningesema ukweli, wewe ungemtazama mama yako vile ulivyokuwa unanitazama mimi. Sikutaka uwe na wazazi wawili wa namna hiyo."

Injinia alijifuta uso kwa mkono wa shati, kwa hasira, kama mtoto. "Siwezi kukaa hapa sasa hivi," akasema. "Sijui nitaweza lini. Mambo ya harusi pia sijui." Akasimama, akaelekea mlangoni. Pale kizingitini baba na mwana walijikuta uso kwa uso, mlango mwembamba, hakuna wa kupita bila mwingine kujigeuza. Barafu akajigeuza ubavu. Injinia akapita. Alishuka ngazi, akasimama uani amewapa mgongo, ameshika ukuta, wala hakuelekea getini.

Muuguzi alichungulia dirishani. "Haondoki," akasema polepole. "Akitaka kuondoka huwa anatoa funguo."

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake, akamtazama Barafu, akatazama majirani waliokuwa wamekwisha kupata kazi za ghafla kwenye mabaraza yao. Akasonya.

"Ingia basi," akamwambia Barafu. "Umesimama hapo kama mtu aliyekuja kusoma mita. Na mlango uache wazi, yule mtoto yuko nje."

Barafu akaingia, akaketi kwenye ncha ya kochi kama mgeni. Bi Mapazia alihama kiti chake akaenda kuketi karibu naye, mbele ya dada yake na mkwe wake, mlango ukiwa wazi na mtaa wote ukitazama. Uso ulikuwa unamwaka. Akauacha uwake.